Vigae vya Rufiji: Daftari Lililozikwa Ardhini

Katika maongezi yetu ya leo twapenda kuwaeleza wasikilizaji habari za kitu ambacho wakulima wengi wa Kibiti na Rufiji wamekwisha kukikanyaga wala wasikitie maanani. Kitu chenyewe ni kigae. Hatusemi kigae cha chungu kilichovunjika jana jikoni, bali kile kitokeacho mtu anapolima, au anapochimba kisima au msingi wa nyumba, nacho kina michoro isiyofanana na michoro ya wafinyanzi tuwajuao. Watoto hukirusha mtoni, na mtu mzima hukisukuma kando kwa jembe akaendelea na kazi yake. Nia yetu ni kuonyesha ya kuwa kigae hicho ni ukurasa wa kitabu, na ya kuwa bila kitabu hicho hatuwezi kujua sawasawa ni nani waliokaa katika nchi hii zamani za kale, wala walifanya kazi gani.

Watu wa Rufiji hawana upungufu wa hadithi. Wazee wamepokea habari za manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto mwaka 1914 hata ikaangamizwa mwezi wa Julai 1915. Wamepokea pia habari za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini ya mto. Tena kila mtu ajua habari za majahazi yaliyopakia boriti za mikoko kupeleka Arabuni. Lakini ukimwuliza mzee, "Kabla ya hayo palikuwa na nini?" atakwambia, "Palikuwa na watu wa kale." Ukiuliza tena, "Watu gani?" hapo maneno hukatika. Kumbukumbu ya ulimi ina mwisho wake, na pale ulimi unapokoma ndipo udongo unapoanza kusema.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko, mikandaa, michu na mililana, ambao ni mkubwa kuliko misitu mingine ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Hapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi, na nchi kavu hukutana na bahari. Ng'ambo ya mlango wa bahari kiko kisiwa cha Mafia. Nyuma ya mikoko, upande wa Kibiti, nchi huinuka, na mtu aweza kujenga bila kuogopa gharika. Tena mto wenyewe ni njia ya kwendea bara. Basi nchi hii ni nchi ya mpakani, na mpaka, kama tutakavyoona, si lazima uwe ukuta. Mara nyingi mpaka ni mlango.

Watu wa kwanza kuchunguza mahame ya pwani yetu walivutwa na mawe. Haikuwa ajabu, kwa maana mawe huonekana. Mtu afikaye Kilwa Kisiwani huuona Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa kabla ya kuona kitu kingine. Mwaka 1957 serikali ya Tanganyika iliweka idara ya mambo ya kale, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Neville Chittick, ambaye baadaye alifanya kazi kubwa ya kuchimba huko Kilwa. Walakini kwa muda mrefu fikira za wataalamu wengi zilikuwa hivi: ya kuwa miji ya pwani ilianzishwa na wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, na wenyeji walikuwa watazamaji tu, au vibarua. Fikira hizo ziliingia katika vitabu vya shule, na watoto wetu wakazisoma na kuzikariri. Kwa hiyo swali la nani alikuwako kwanza si mchezo wa wataalamu. Ni swali la mtoto wa Kibiti kujua kama babu zake walikuwa na kazi katika habari za dunia, ama hawakuwa nayo.

Kiko kitabu kimoja cha zamani sana kilichoandikwa kwa Kiyunani na mfanya biashara wa Misri, yapata katikati ya karne ya kwanza ya Miladi. Kitabu hicho huitwa Periplus, na ndani yake mwandishi aeleza bandari za bahari yetu moja moja. Ataja kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho watu wake wana vyombo vilivyoshonwa, nao huvua kwa matundu yaliyosukwa wakiyatega penye milango ya maji. Msomaji wa pwani atasema mara moja, "Haya ni madema!" Kisha ataja soko la mwisho la nchi ya Azania, liitwalo Rhapta, na jina hilo, asema, limetokana na vyombo vya kushonwa. Hapa tena msomaji wetu ataukumbuka mtepe, chombo ambacho mbao zake zilifungwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, nao ulidumu katika pwani yetu mpaka siku za babu zetu. Kutoka Rhapta zilitoka pembe za ndovu na magamba ya kasa. Wageni nao walileta mikuki, mashoka, visu, na vitu vya kioo. Yule mwandishi asema pia ya kuwa Waarabu waliokuja na majahazi walioa kwa wenyeji na kuijua lugha yao. Katika karne ya pili Ptolemy wa Iskanderia naye aliandika ya kuwa Rhapta ni mji mkuu, uliokaa mbali kidogo na bahari, na aliutaja mto wenye jina hilo hilo.

Rhapta ilikuwa wapi? Wengine wameitafuta Pangani, wengine karibu na Dar es Salaam, wengine hata kwenye mto Tana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameshikilia ya kuwa yafaa itafutwe upande wa Rufiji. Hoja hiyo haijakatwa, wala sisi hatutaikata leo. Lakini katika kuitafuta Rhapta yamepatikana mambo mengine ambayo, kwa maoni yetu, yana faida kubwa kuliko jina la mji mmoja.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha elimu ya mambo ya kale mwaka 1985. Tangu siku hizo vijana wa nchi hii, wakiongozwa na waalimu wao, waliacha kuyafuata mawe peke yake, wakaingia mashambani na vichakani na kutembea wameinama wakitazama chini. Kaskazini ya delta, mahali paitwapo Limbo, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mkuranga, walikuta mavi ya chuma mengi sana. Mavi ya chuma ni yale mabonge meusi, mazito, yenye matundu matundu, yabakiayo katika tanuru baada ya chuma kutolewa. Penye mavi mengi ya chuma palikuwa na wahunzi wengi, nao hawakuwa watu wa kubahatisha. Yawapasa wajue jiwe lipi lina chuma na mti upi una makaa makali, tena wajue kuvukuta mivukuto pasipo kupumzika hata jiwe litoe chuma chake. Kazi hiyo ya Limbo ni ya zamani za Periplus zile zile. Basi tazameni ajabu hii: yule mfanya biashara wa Misri ajisifu kuwa mikuki na mashoka yaliletwa kwa majahazi, na kumbe nyuma ya mikoko wenyeji walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe.

Pamoja na mavi ya chuma vilipatikana vigae. Mdomo wa vyungu vile umenenepeshwa na kukatwa mshazari, na chini yake pana mifuo au mistari iliyochorwa. Wataalamu huviita vyungu vya Kwale, kwa sababu Bwana Robert Soper alivieleza mara ya kwanza mwaka 1967 kutoka Kwale ya Kenya. Ikatokea kwamba vyungu vya namna hiyo hiyo vimo katika kisiwa cha Kwale kilicho mbele ya Kisiju, na vimo hata Juani, kando ya Mafia. Chungu hakiogelei. Kama kimefika kisiwani, kimechukuliwa katika chombo, au mfinyanzi mwenyewe alivuka akafinyanga huko huko. Kwa hiyo watu hawa walilima na kufua chuma, na pamoja na hayo walikuwa wavuvi na mabaharia.

Kisha mahali paitwapo Mkukutu, huko Kibiti, zilipatikana shanga chache za kioo pamoja na vigae vya namna hiyo. Profesa Chami alizilinganisha na shanga za enzi ya Warumi, akachapisha habari zake mwaka 1999 katika jarida lisomwalo duniani pote. Wako wataalamu wanaotaka ushahidi zaidi, na hiyo ndiyo desturi ya elimu. Lakini fikirini ushanga ulio mdogo kuliko punje ya mtama, umelala katika udongo wa Kibiti, nao wataka kusema habari za safari iliyoanzia katika nchi za Bahari ya Kati!

Labda msikilizaji atauliza: "Mwajuaje umri wa kitu kisichoandikwa tarehe?" Ni swali la haki. Njia ya kwanza ni matabaka. Udongo hujilimbikiza kama majani ya daftari, na lililo chini hutangulia lililo juu, ila kama panya au mti au jembe limeyachanganya. Njia ya pili ni makaa. Kila mti ulio hai huvuta hewani kitu kiitwacho kaboni, na sehemu yake moja ndogo huanza kupungua tangu siku mti ukatwapo. Kupungua huko kuna kipimo kisichobadilika: baada ya miaka 5,730 hivi nusu yake huwa imekwisha. Basi mtaalamu akipata kipande cha kaa kilicholala pamoja na kigae, hupima kilichobaki na kuhesabu miaka. Ndiyo sababu mchimbaji hukiokota kijikaa kidogo kama mwingine aokotavyo dhahabu.

Sasa tupande tabaka moja juu. Yapata karne ya 6 au ya 7 ya Miladi vyungu vyabadilika. Michoro ya zamani yapungua, na shingoni mwa mitungi chatokea kitu kipya: pembetatu zilizopangwa mfululizo, na ndani ya kila pembetatu mna mistari ya mshazari. Zilichorwa kwa kijiti katika udongo mbichi kabla ya kuchoma. Desturi hii ilidumu mpaka karne ya 10 hivi. Nayo haikuwa ya Rufiji peke yake. Vigae vya pembetatu vimepatikana visiwani mwa Lamu, na Unguja Ukuu, na Kilwa, na kusini hata Chibuene katika Msumbiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Tena havikukaa pwani tu. Vimepatikana Dakawa, katika Mkoa wa Morogoro, pamoja na mavi ya chuma, mahali ambapo mtu hasikii mawimbi wala haoni mnazi.

Hapa ndipo tulipokuwa tukienda. Kama kungalikuwa na ukuta kati ya watu wa pwani na watu wa bara, pembetatu zile zisingalivuka. Mchoro wa chungu hausafiri kama nguo iuzwayo dukani. Husafiri katika mikono ya mfinyanzi, na katika pwani yetu kazi ya ufinyanzi aghalabu ni ya wanawake, ambao mama humfundisha bintiye. Yamkini mabinti waliolewa katika vijiji vya mbali wakaenda na ujuzi wao, na wajukuu wao wakachora kama walivyochora bibi zao. Miji ya pwani ilizaliwa kutokana na vijiji vya wakulima, wahunzi na wavuvi waliojuana kwa mto na kwa njia ya miguu. Huko Kilwa kwenyewe, chini ya mawe yasifiwayo, lipo tabaka la kijiji cha nyumba za udongo kilichokuwa na wahunzi na wafinyanzi.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi ya kuwa wageni hawakuja. Katika tabaka la vigae vya pembetatu vya pwani hupatikana pia vipande vya mitungi ya rangi ya kijani na samawi iliyotoka Ghuba ya Uajemi, ila ni vichache sana ukivilinganisha na vya wenyeji. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Ikaonekana ya kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia, hasa Uajemi, na ya kuwa mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Hadithi ya Kilwa nayo husema ya kuwa mtu wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo. Naam, lakini mtu hanunui kisiwa kisicho na mwenyewe. Hadithi yenyewe yakiri ya kuwa mwenyeji alikuwako, naye alikuwa na mamlaka ya kuuza. Mgeni alipobisha hodi alijibiwa "karibu" na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yake.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Rufiji lipo, lakini halikufungwa kabatini. Limelala chini ya mikorosho na mihogo, kando ya njia na katika viwanja vya nyumba. Mto hula kingo zake mwaka hata mwaka. Watu huchimba mchanga na kifusi, nao hawana hatia, kwa maana lazima wajenge. Lakini wako wengine ambao huchimba kwa tamaa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu umeenea uvumi wa mali iliyofichwa na Wajerumani, na mtu akiona mawe yamepangwa au udongo wa rangi ngeni huchukua sururu usiku. Aghalabu hatoki na rupia hata moja. Hutoka na jasho, na nyuma yake huacha shimo ambalo tabaka la miaka elfu limechanganyika na la jana, wala hakuna mtaalamu awezaye kulipanga tena.

Wengine huokota shanga na kuziuza. Na tufikiri kidogo juu ya ushanga mmoja. Ukilala katika udongo wa Mkukutu, juu yake kigae na kando yake kaa, waweza kutueleza ni nani aliyeuvaa, na kwa miaka gani, na aliishi kwa kazi gani. Ukiwa juu ya meza ya mchuuzi mjini ni kioo tu, haufai neno. Bei yake haitoshi hata nauli ya kurudi Kibiti. Kwa hiyo yatupasa tujue ya kuwa thamani ya kitu cha kale si kitu peke yake, bali ni kitu pamoja na mahali pake. Mwenye kukihamisha amerarua ukurasa, hata kama amekitunza vizuri nyumbani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, wala hairuhusu mtu kuchimba mahame bila kibali. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila shamba, na Kibiti ni kubwa. Mlinzi wa kweli ni yule mwenye jembe. Basi mtu akikuta vigae vyenye michoro, au shanga, au mabonge ya mavi ya chuma, na aviache palepale kadiri awezavyo, atie alama mahali hapo, kisha ampe habari mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya, ili zifike kwenye Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa. Mwalimu wa shule naye aweza kuwachukua wanafunzi wakatazame bila kuchimba, wakanakili michoro katika madaftari yao na kuandika jina la shamba, na upande wa jua, na umbali kutoka njiani. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji macho na uaminifu.

Nao wataalamu wana deni lao. Mtu atokaye mjini akachimba katika shamba la watu, akajaza masanduku na kwenda zake, kisha habari zake zikachapishwa kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi, huyo amechukua maneno ya kijiji bila kuyarudisha. Inafaa arudi, akae barazani, awaeleze wenyeji kwa Kiswahili ni nini kilichoonekana, na vitu viko wapi, na kwa nini ni vya maana. Mwenyeji ajuaye kilicho shambani mwake atakilinda, na asiyejua hawezi kulaumiwa akikivunja.

Wasikilizaji, wale wafinyanzi wa pembetatu hawakuacha jina hata moja. Hatujui kaburi la mhunzi wa Limbo, wala la nahodha aliyevuka na vyungu kwenda Juani. Walichoacha ni alama ya kijiti katika udongo mbichi, nayo imedumu miaka 1,400 chini ya miguu ya watu, ikipita gharika na vita na tawala zote zilizokuja na kwenda. Imetufikia sisi salama. Ni haki ya wale watakaotufuata iwafikie na wao vivyo hivyo.